Kwa nini mkali wa poka hushinda bila karata

Wengi wa Dar es Salaam waliojifunzia karata barazani walijifunza michezo ambayo mtu hawezi kukataa alichogawiwa. Kwenye lasti kadi au wahedi wa sitini, karata zikishafika mkononi utazicheza tu, ziwe nzuri ziwe mbovu. Mtu huyo akija kuketi kwenye mashindano ya poka, tuseme kasino ya Masaki usiku wa Ijumaa, huja na mazoea yake. Anasubiri karata nzuri. Zikiwa za wastani anafuata dau la wenzake, "ngoja nione kwanza". Ikifika saa sita usiku chipu zimeyeyuka, na ukimuuliza alipigwa wapi hakumbuki pigo lenyewe. Mezani hapo hapo yupo mwingine aliyekuwa akipandisha dau kila mara. Karata zake hazikuonekana ila mara mbili tatu, na mbele yake umesimama mnara wa chipu. Meza nzima inasema jamaa ana roho ngumu.

Roho haihusiki sana. Ukali katika poka ya mashindano ni hesabu, na swali lake kuu ni nani aachiwe uamuzi mgumu. Anayepandisha dau anamsukumia mwenzake uamuzi huo. Anayefuata anaubeba mwenyewe, tena analipia.

Kwa ambaye hajawahi kukaa mezani, mchezo wenyewe kwa haraka ni huu. Aina inayotawala ni Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati kwa ajili ya wote: tatu kwa mpigo, ambazo huitwa flopu, halafu moja, halafu ya mwisho, riva. Kabla ya flopu na baada ya kila ufunuo watu huweka madau. Zamu yako ikifika unaweza kupita kama hakuna dau la kulipa, kufuata dau lililopo, kulipandisha, au kutupa karata. Ili mchezo usilale, wachezaji wawili hulazimika kuweka dau kabla hawajaona chochote, yaani blaindi ndogo na blaindi kubwa, na mara nyingi huongezwa ante, dau jingine la lazima, juu yake. Katika mashindano unalipa kiingilio na kupewa chipu ambazo si fedha: huwezi kuinuka nazo ukaenda dirishani. Zikiisha umetoka. Zawadi huenda kwa wachache wa mwisho, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 15 ya walioingia. Na blaindi hupanda kila baada ya muda, hata ukiwa umekaa kimya.

Hilo la mwisho ndilo linalomuua msubiriji. Jozi ya A huja kwa wastani mara 1 katika migawo 221. Meza ya kawaida yenye mgawaji mzoefu humaliza migawo 25 hadi 30 kwa saa, kwa hiyo unazungumzia jozi moja ya A katika saa saba mpaka tisa hivi. Mashindano yanayoanza saa mbili usiku na kwisha kabla ya alfajiri yanaweza kupita usiione hata mara moja. Ukilegeza masharti ukajumlisha jozi za A, K na Q pamoja na A-K, bado ni mara 1 katika migawo 39, na zikija, huenda kila mtu akatupa karata ukaambulia blaindi tu.

Weka hesabu hiyo kando ya gharama ya kukaa. Blaindi zikiwa 500 na 1,000, na ante ya 1,000 inayolipwa na mwenye blaindi kubwa, kila mzunguko mmoja wa meza unakutoza chipu 2,500. Ukiwa na 20,000 una mizunguko minane. Wachezaji huiita namba hiyo M, kwa heshima ya Paul Magriel, Mmarekani aliyejulikana zaidi kwa backgammon, mchezo wa ubao na dadu. Mizunguko minane kwa meza ya watu tisa ni migawo 72, inaonekana mingi. Lakini blaindi zikipanda kila dakika 20, baada ya migawo kumi tu bei ya kukaa imebadilika, na ile minane inakuwa sita, kisha minne. Kwa hiyo mtu "mvumilivu" anaendelea kupoteza chipu hata kama hajaingia pambano lolote.

Sasa njia ya pili ya kupata chipu. Mwenye kufuata dau anaweza kushinda kwa namna moja: karata zake ziwe bora mwishoni. Mwenye kupandisha anazo mbili: karata zake ziwe bora, au wenzake watupe. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayobeba ukali wote. Mmarekani David Sklansky aliliweka wazo hili katika kanuni inayosema kwamba karata za kufuatia dau la mtu lazima ziwe bora kuliko zile ambazo wewe mwenyewe ungepandishia. Kuna pengo kati ya hizo mbili, na katika mashindano pengo hilo hupanuka, kwa sababu tutakayoiona.

Chukua kiti cha mwisho, batani, wote wametupa mpaka kwako, waliobaki ni wenye blaindi wawili. Fungu la katikati lina 2,500. Unapandisha hadi 2,200. Ili usipate hasara papo hapo unahitaji wote wawili watupe asilimia 47 hivi ya mara. Kama kila mmoja wao hutupa mara 7 kati ya 10, wote wawili kwa pamoja hutupa mara 49 katika 100. Umeshapita mstari kabla hata hatujaangalia umeshika nini, na bado hatujahesabu zile mara ambazo watafuata nawe utashinda kwenye flopu. Kiti chenyewe ni nusu ya nguvu hiyo: baada ya flopu wewe ndiye wa mwisho kusema, umeshaona wenzako wamefanya nini. Ningemshauri anayeanza akazane na kiti hicho na kile cha kabla yake, viti vya mbele aviachie karata nzuri peke yake.

Chipu zikipungua hesabu inakuwa kali zaidi. Tuseme umebaki na 10,000, yaani blaindi kubwa kumi, upo batani, na una karata ambazo zikifuatwa zitashinda asilimia 35 tu. Unaweka zote. Wenzako wakitupa mara 7 kati ya 10, unachukua 2,500 kila mara. Zile mara 3 anazofuata mwenye blaindi kubwa, fungu linakuwa 21,500 na sehemu yako ya wastani ni 7,525, hasara ya karibu 2,475. Jumlisha zote: faida ya takribani chipu 1,000 kila unapofanya hivyo, kwa karata ambazo zinapoonyeshwa hushindwa karibu mara mbili kati ya tatu. Halafu badilisha kitu kimoja tu. Wenzako wawe wagumu, watupe mara 4 kati ya 10. Hatua ile ile, karata zile zile, sasa inakula karibu 500. Hapo ndipo wanaoiga wakali huangukia: wanaiga mkono unaosukuma chipu bila kusoma uso wa anayesukumiwa.

Baada ya flopu mantiki haibadiliki. Mtu mwenye karata mbili zisizo jozi hukosa flopu, yaani hapati hata jozi, karibu mara mbili kati ya tatu. Aliyepandisha kabla ya flopu akiweka dau la nusu ya fungu, anahitaji lifanye kazi mara moja kati ya tatu. Linganisha namba hizo mbili utaelewa kwa nini mkali huendelea kuweka dau hata alipokosa. Siku hizi wengi wamelijua hilo, kwa hiyo wanafuata dau la kwanza makusudi ili wakunyang'anye fungu karata inayofuata. Ndiyo maana shambulio zuri huchagua flopu ambayo inamfaa aliyepandisha, kama ile yenye A au K, na pia huchagua karata ambazo hata zikifuatwa zina pa kukimbilia.

Mfano maarufu wa jambo hili ni wa mwaka 2003, Las Vegas, mchuano mkuu wa World Series of Poker. Waliingia watu 839. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi kupitia shindano la mtandaoni la dola 86, alibaki na Sam Farha, mzoefu wa mezani. Moneymaker alikuwa na K ya shupaza na 7 ya kopa. Flopu ikaleta 9 ya shupaza, 2 ya uru na 6 ya shupaza, ikafuata 8 ya shupaza. Hapo hakuwa na kitu cha kuonyesha, lakini alikuwa na njia: shupaza yoyote ingempa karata tano za aina moja, 5 au 10 ingempa mfuatano. Karata 15 kati ya 46 asizoziona, karibu theluthi. Riva ikaja 3 ya kopa. Amekosa zote.

Farha alikuwa na jozi ya 9, akapita. Moneymaker akaweka zote, na Farha, baada ya kufikiri, akatupa. Wanaosimulia hupenda kusema kijana alikuwa na ujasiri. Mimi naona hadithi aliyoiuza. Mezani palikuwa na shupaza tatu, na namna alivyocheza ililingana na mtu aliyezipata. Farha alitakiwa kulipia kwa sehemu kubwa ya mashindano yake ili tu kuhakikisha. Kuzuga kunapata nguvu pale uongo unapofanana na ukweli ambao ungechezwa vivyo hivyo. Moneymaker alimaliza na dola milioni 2.5.

Sasa ile sababu ya pengo kupanuka. Watu wengi wanaojua mengine yote hapa hukwama, kwa hiyo twende taratibu. Chukua shindano dogo la watu 40, kiingilio Sh 100,000, na kwa urahisi tusihesabu kato la kasino. Kuna Sh 4,000,000: wa kwanza 2,000,000, wa pili 1,200,000, wa tatu 800,000. Wamebaki wanne, kila mmoja na chipu sawa. Kwa wastani nafasi ya kila mmoja ina thamani ya Sh 1,000,000. Jirani yako anaweka zote. Ukifuata na kushinda utakuwa na chipu mara mbili. Je, utakuwa na shilingi mara mbili?

Hapana, na hesabu yake ni fupi. Ukiwa na nusu ya chipu zote dhidi ya wawili wenye robo robo, utakuwa wa kwanza nusu ya mara, wa pili theluthi ya mara, wa tatu moja ya sita. Nusu ya 2,000,000 ni 1,000,000. Theluthi ya 1,200,000 ni 400,000. Moja ya sita ya 800,000 ni kama 133,000. Jumla Sh 1,533,000 hivi. Kwa maneno mengine unahatarisha milioni moja ili upate laki tano na elfu thelathini na tatu. Kwa chipu peke yake ungehitaji kushinda nusu ya mara. Kwa shilingi unahitaji asilimia 65.

Ukiacha blaindi zilizomo, A-K za aina tofauti dhidi ya karata zozote mbili hushinda takribani asilimia 65. Yaani jirani yako anaweza kuwa ameweka zote bila hata kutazama alichoshika, na A-K yako inafika mstarini tu, haivuki. Jozi ya 5, ambayo wengi wangeifuata kwa furaha, ni ya kutupa. Mkali anajua kwamba unajua. Ndiyo maana saa ile wanne wakigombea nafasi tatu, au kumi na sita wakigombea kumi na tano, mwenye rundo kubwa hupandisha karibu kila mgawo. Na zile pesa zinazoonekana kupotea kwenye hesabu ya pambano haziendi mbali. Wawili mkigongana, wale wawili waliokaa pembeni kila mmoja anapanda kutoka 1,000,000 hadi kama 1,233,000 bila kugusa karata. Wachezaji wa kimataifa huiita hesabu hii ICM, na kwa maoni yangu kuielewa kunamfaa mtu kuliko kukariri orodha nzima ya karata za kupandishia.

Lakini ina pande mbili. Na yeye mkali akifuatwa anaingia kwenye hatari ile ile, kwa hiyo humchagua wa kumsukuma. Mwenye rundo la kati, aliye na cha kupoteza na anayeona wengine wana chipu chache kuliko yeye, ndiye anayebanwa zaidi. Aliyebaki na chipu mbili tatu hasukumiki, atafuata kwa lolote kwa sababu hana cha kuokoa. Na aliye na rundo kubwa kuliko lako usimchokoze ovyo: akikosea anapoteza sehemu, ukikosea wewe unakwenda nyumbani.

Tatizo la meza zetu ni jingine. Viingilio vidogo huleta watu waliokuja kucheza, si kutupa karata. "Kaka, nimeshalipa, ngoja nione riva," na anafuata kwa jozi ya 4. Kumzuga mtu huyo ni kutoa sadaka. Yule mkali aliyejifunzia kwenye video za Marekani hukasirika, anasema watu hawajui kucheza, kisha anatoka wa kwanza. Namba zimeshamwambia: ukali unalipwa na anayetupa. Asipotupa, geuza mchezo. Punguza kuzuga karibu kabisa, na ukishika karata nzuri weka dau kubwa kuliko unavyodhani ni haki, kwa sababu atalipa. Huo nao ni ukali, ingawa meza haitakuita mkali kwa kuwa kila ukionyesha una kitu. Halafu ikifika karibu na zawadi, mtu yule yule aliyefuata kila kitu tangu saa mbili hubadilika ghafla, anahesabu vichwa vilivyobaki, anaomba jina la mwingine litangulie kuitwa. Hapo rudi kwenye kusukuma.

Kuhusu roho ngumu, nadhani kompyuta zimemaliza ubishi. Januari 2017 programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iitwayo Libratus iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika migawo 120,000 ya poka ya wawili wawili. Hayakuwa mashindano ya mtoano, lakini mashine isiyojua hofu wala aibu ilizuga, tena kwa madau makubwa kuliko fungu lenyewe, kwa sababu hesabu ilielekeza huko. Upande wa pili yuko Stu Ungar, pengine mshambuliaji anayeogopewa zaidi katika historia ya mchezo huu, bingwa wa 1980, 1981 na tena 1997. Mwaka mmoja baada ya ubingwa wa tatu alifariki Las Vegas akiwa na umri wa miaka 45, pesa zimekwisha. Ndani ya shindano ukali wake ulikuwa na mipaka, kwani kiingilio kikiisha umetoka. Nje ya shindano hakuna kitu kama hicho. Kwa hapa kwetu kasino hufanya kazi kwa leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na mlangoni ni miaka 18 kwenda juu, ila kiasi cha kuingia nacho hakuna bodi itakayokupangia. Na kwa kuwa wengi zaidi ya asilimia 80 hutoka bila zawadi katika kila shindano, anayecheza vizuri kabisa bado atarudi mikono mitupu siku nyingi.

Meza nayo huamka. Ukichukua blaindi mara nne mfululizo, mtu wa kushoto mwenye blaindi kubwa kumi na tano au ishirini ataanza kukuwekea zote juu ya dau lako, na mara nyingi atakuwa sahihi, kwa sababu sasa ni wewe unayeachiwa uamuzi mgumu. Hapo punguza mizunguko miwili mitatu, sifa uliyojijengea ibaki ikikufanyia kazi: karata nzuri ikija, watakulipa wakidhani ni yale yale.

Wakibaki wawili, kila kitu kilichosemwa kuhusu ICM kinafutika. Katika mfano wetu wote wawili wameshajihakikishia 1,200,000 na wanagombea 800,000 iliyobaki. Hakuna tena wa kungoja atoke kabla yako, kila chipu ina thamani sawa na nyenzake, na asilimia 50 ni asilimia 50. Batani ndiye mwenye blaindi ndogo, husema wa kwanza kabla ya flopu na wa mwisho baada yake, na blaindi hazipiti tena kwa watu tisa: unalipa moja au nyingine kila mgawo. Aliyefika hapo kwa kutupa karata usiku kucha hujikuta anatakiwa kupandisha kwa karata ambazo hajawahi kuzigusa, Q-6, J-7, 9-5, tena zaidi ya nusu ya mara, dhidi ya mtu ambaye amekuwa akifanya hivyo tangu saa nne.